Selimundu: jinsi hofu ya haidroksiyurea ilivyopimwa

Mtoto mwenye selimundu akifika kliniki, daktari bingwa wa magonjwa ya damu huiomba karatasi ya FBP, yaani kipimo cha picha kamili ya damu, kabla hata ya kumpapasa bandama. Mistari ni mingi, lakini macho yake hukimbilia minne: kiwango cha himoglobini, idadi ya nutrofili, yaani zile chembe nyeupe zinazotangulia kupambana na bakteria, idadi ya chembe sahani, na wastani wa ukubwa wa chembe nyekundu unaoandikwa MCV. Kwa mtoto anayetumia dawa ya haidroksiyurea, mistari hiyo ndiyo inayoamua kama dozi ipandishwe, ibaki ilipo au isimamishwe kwa muda. Miaka kumi na mitano iliyopita, mabingwa wengi wa Afrika hawakuwa na sababu ya kuipiga hesabu hiyo kwa watoto wao. Dawa waliijua. Waliiogopa, na walikuwa na haki ya kuiogopa.

Dawa yenyewe ni kongwe. Ilitengenezwa mara ya kwanza Ujerumani mwaka 1869, ikakaa bila kazi ya maana kwa miongo mingi, hadi ilipoingia kwenye tiba ya saratani. Huzuia kimeng'enya ambacho seli hukitegemea kutengeneza malighafi ya DNA, hivyo seli zinazogawanyika kwa kasi, zikiwamo za uboho, hupunguza mwendo. Uboho uliobanwa namna hiyo hurudi kuzalisha chembe nyekundu zenye himoglobini F kwa wingi, ile ambayo mtoto huishi nayo akiwa tumboni mwa mama. Palipo na himoglobini F ya kutosha, himoglobini S, ile ya wenye selimundu, hushindwa kujipanga katika nyuzi ndefu zinazoipinda chembe ikawa kama mundu. Kidokezo hiki kilikuwapo tangu 1948, Dkt. Janet Watson wa New York alipoona kwamba vichanga wenye ugonjwa huu huwa na chembe chache zilizopinda katika miezi yao ya mwanzo, akahusisha jambo hilo na himoglobini waliyotoka nayo tumboni.

Mwaka 1995 Wamarekani walitangaza matokeo ya jaribio la watu wazima 299: vipindi vya maumivu makali vilipungua karibu kwa nusu, na jaribio likasitishwa kabla ya muda wake kwa kuwa jibu lilikwisha kupatikana. Miaka mitatu baadaye dawa ikaidhinishwa huko. Lakini watoto wengi wanaozaliwa na selimundu duniani huzaliwa kusini mwa Sahara. Tanzania peke yake inakadiriwa kupata wapatao 11,000 kila mwaka. Kwa hiyo, kwa takriban miongo miwili, dawa ilikuwa upande mmoja na wagonjwa upande wa pili.

Kilichozuia hakikuwa bei pekee. Haidroksiyurea hushusha chembe nyeupe, na mtoto wa selimundu tayari yuko hatarini kwa bakteria kwa sababu bandama lake hufa mapema. Utafiti wa Kilifi, Kenya, uliochapishwa mwaka 2009 ulikadiria kwamba hatari ya watoto hao kupata bakteria kwenye damu ni takriban mara 26 ya ile ya watoto wengine. Kumpa mtoto wa namna hiyo dawa inayozipunguza nutrofili ni jambo la kufikiriwa mara mbili. Kisha kuna malaria. Tangu Anthony Allison, aliyekulia Kenya, achapishe kazi yake ya 1954, tunajua kwamba mwenye vinasaba vya selimundu kutoka kwa mzazi mmoja tu hukingwa dhidi ya malaria kali; lakini aliyerithi kwa wazazi wote wawili, akishikwa na malaria, damu humwishia upesi. Hakuna aliyejua dawa hii ingefanya nini kwenye mwili unaopambana na vimelea kila msimu wa mvua. Na juu ya yote, dozi salama hutegemea FBP za mara kwa mara, ambazo hospitali nyingi za wilaya hazina uhakika nazo.

Jaribio lililokuja kuijibu hofu hii liliitwa REACH, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2019. Vituo vilikuwa vinne: Kinshasa, Luanda, Kilifi na Mbale. Waliolisimamia huko ni pamoja na Léon Tshilolo wa Kinshasa, Thomas Williams wa Kilifi na Peter Olupot-Olupot wa Mbale, wakishirikiana na Russell Ware wa Cincinnati. Watoto wa umri wa mwaka 1 hadi 10 waliosajiliwa walikuwa 635, na 606 wakaanza dawa.

Tuangalie mpangilio wake, maana hapo ndipo ufundi ulipo. Watafiti hawakuanza kwa kuuliza kama dawa inafanya kazi. Swali lao la kwanza lilikuwa: je, ndani ya miezi 3 ya mwanzo, ni watoto wangapi damu yao itashuka kiasi cha kulazimisha dawa isimamishwe? Kikomo cha kukubalika kiliwekwa kabla ya mtoto wa kwanza kumeza kidonge. Dozi ilikuwa ndogo, miligramu 15 hadi 20 kwa kila kilo ya uzito, na haikuguswa kwa miezi 6. Kupandisha kulifuata baadaye. Bingwa aliyezoea kupandisha dozi mapema angeona huko ni kupoteza muda. Mimi naona ndiyo hatua iliyolifanya jaribio liaminike. Ukianza na dozi kubwa ukapata madhara, hutajua kama tatizo ni dawa, ni mazingira au ni haraka yako.

Jibu lilikuwa watoto 31 kati ya hao 606, sawa na asilimia 5.1, chini kabisa ya kikomo. Kwa swali la usalama, hoja ilikuwa imekwisha.

Lakini magazeti hayakuandika juu ya asilimia 5.1. Yaliandika yaliyofuata. Kwa kila watoto 100 wanaofuatiliwa mwaka mmoja, matukio ya maumivu yalishuka kutoka 98.3 hadi 44.6. Malaria ilishuka kutoka 46.9 hadi 22.9. Kuongezewa damu kulishuka kutoka mara 43.3 hadi 14.2. Vifo vilishuka kutoka 3.6 hadi 1.1. Hapa ndipo mchambuzi anapotakiwa kuvuta kiti karibu.

REACH haikuwa na kundi la kulinganisha. Kila mtoto alilinganishwa na nafsi yake mwenyewe kabla ya dawa, na kipindi hicho cha kabla kilikuwa takriban miezi 2. Piga hesabu ndogo. Watoto 600 na ushei kwa miezi 2 ni sawa na watoto 100 hivi kwa mwaka mzima. Kiwango cha vifo 3.6 kwa kila watoto 100 maana yake ni kwamba vifo vyenyewe, katika kipindi hicho, vinahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Kimoja kikipungua au kuongezeka, kiwango kinayumba. Hali ni tofauti kwa maumivu na malaria: hapo matukio ya mwanzo yalikuwa kama mia moja na kama hamsini, msingi unaoweza kubeba hoja. Na miezi 2 inaweza kuangukia masika ikaonyesha malaria nyingi, au kiangazi ikaonyesha chache. Tena watoto hukua: hatari ya kufa kwa selimundu ni kubwa zaidi kwa wadogo kabisa, hivyo mtoto yule yule akifuatiliwa miaka 3 hatari yake hupungua hata bila dawa. Kwa hiyo ninapoona mtu anaandika kwamba haidroksiyurea inapunguza vifo kwa theluthi mbili barani Afrika, namwambia apunguze sauti. Maumivu na kuongezewa damu, hapo aseme kwa nguvu.

Kwa nini basi hawakuweka kundi la dawa bandia? Kwa sababu faida ya dawa ilikwisha kuthibitishwa kwingine, na kuwanyima nusu ya watoto nafasi ya kuipata kungekuwa vigumu kutetea mbele ya wazazi wao. Uamuzi huo ninaukubali. Gharama yake ni hiyo niliyoieleza, na sehemu ya gharama hiyo ililipwa Kampala.

Pale Hospitali ya Mulago, kikundi cha Robert Opoka na Chandy John kilifanya jaribio dogo lililotangulia kuchapishwa, mwaka 2017. Watoto 207 wenye umri wa mwaka 1 hadi 4 waligawanywa kwa kura: wengine haidroksiyurea, wengine dawa bandia, kwa miezi 12. Huku dawa bandia ilikuwa na utetezi, kwa kuwa swali lilikuwa moja mahususi, malaria, na jibu lake halikujulikana. Matokeo: vipindi vya malaria 0.05 dhidi ya 0.07 kwa mtoto kwa mwaka, yaani hakuna tofauti ya kuzungumzia. Na matatizo yatokanayo na selimundu yaliwapata asilimia 45 ya waliopewa dawa, dhidi ya asilimia 69 ya wale wa dawa bandia.

Angalia hizo tarakimu za malaria tena. Ni ndogo mno. Watoto walikuwa na dawa za kinga na vyandarua, wakiwa mjini. Jaribio hilo linaweza kusema kwamba dawa haikuongeza malaria chini ya uangalizi mzuri. Haliwezi kusema inaikinga. REACH inadokeza kwamba inaikinga, lakini bila kundi la kulinganisha. Ukiyaweka majaribio mawili pamoja unapata jibu ambalo hakuna hata moja lililolitoa peke yake: hofu ya malaria haina tena nguvu ya kumnyima mtoto dawa. Kama kuna kinga halisi, hilo ni la kutafutiwa ushahidi wake.

Turudi kwenye karatasi ya FBP, maana majaribio yakiisha kazi humrudia bingwa na wenzake wa kliniki.

Chukua mtoto wa kilo 12. Kwa miligramu 20 kwa kilo anahitaji miligramu 240 kwa siku. Kapsuli iliyozoeleka ni ya miligramu 500, iliyotengenezwa kwa mtu mzima. Hapo mfamasia ndiye anayeamua mambo: kufungua kapsuli na kutayarisha dawa ya maji kwa kipimo kinachojulikana, au kutafuta kidonge kinachogawanyika. Dawa hii huathiri seli zinazogawanyika, kwa hiyo si jambo la kumwachia mama mjamzito afungue kapsuli jikoni kwa mikono mitupu. Katika mijadala ya kitaalamu, suala hili hupewa aya moja. Huko kliniki linaweza kula asubuhi nzima.

Baada ya wiki kadhaa FBP inarudiwa. Nutrofili zikiwa chini ya 1.0 au chembe sahani chini ya 80, dawa inasimama hadi zipande. Zikiwa juu sana, dozi huongezwa kidogo kidogo hadi nutrofili zitulie kati ya 2.0 na 4.0. Kuna mtego hapa. Watu wengi wenye asili ya Afrika hawana alama iitwayo Duffy kwenye chembe zao nyekundu, na kwa wengi wao nutrofili huwa chini kidogo tangu kuzaliwa bila ugonjwa wowote. Mashine iliyopangwa kwa viwango vya Ulaya itachapa alama ya hatari pembeni. Anayefuata alama bila kutazama FBP za nyuma za mtoto huyo atasimamisha dawa bure.

MCV nayo ina habari yake. Dawa ikifanya kazi, chembe nyekundu huwa kubwa, na MCV hupanda mwezi hadi mwezi. Isipopanda, swali la kwanza ni kama dawa inamezwa. Lakini kabla ya kumgombeza mzazi, bingwa makini hukumbuka kwamba upungufu wa madini ya chuma na talasemia ya alfa, ambayo imeenea Pwani na kanda ya Ziwa, huishikilia MCV chini. Mama anaweza kuwa mkweli na karatasi ikamsingizia.

Swali lililobaki ni la dozi, na hapa majaribio hayasemi lugha moja. Kampala walirudi mwaka 2020 na watoto 187: nusu walibaki kwenye miligramu 20 hivi, nusu wakapandishwa hadi kufikia karibu 30. Jaribio likasitishwa mapema, kwa kuwa asilimia 86 ya waliopandishwa walifikia lengo la himoglobini, dhidi ya asilimia 37 ya wenzao, na matatizo yao yalikuwa machache. Kaskazini mwa Nigeria, kwa watoto ambao kipimo cha mwendo wa damu ubongoni kiliwaweka kwenye hatari ya kiharusi, miligramu 10 hazikuonyesha tofauti na 20 katika kuzuia kiharusi.

Wapo wanaoyasoma haya kama ugomvi. Mimi nayasoma kama majibu ya maswali mawili: Kampala waliuliza dawa inaweza kufika wapi ikipewa nafasi yake yote, Nigeria wakauliza kiasi kidogo kabisa kinachotosha kuukinga ubongo. Mtoto anayeishi karibu na mashine ya FBP inayofanya kazi sioni sababu ya kumwacha kwenye dozi ya chini. Aliye mbali nayo, ambaye mganga wake anaweza kupata kipimo mara moja kwa miezi 3, aanze na dozi ndogo, na mwongozo wa wizara uitaje dozi hiyo kwa tarakimu, ili mganga wa kituo cha afya asisubiri barua ya bingwa kutoka mjini ndipo aandike cheti cha dawa.