Gauni Lisilo Mabega, Lililotoka Katika Kanga Moja

Ashukaye basini Nangurukuru katika majira ya kaskazi, pale njia ya Dar es Salaam na Lindi inapopokea ile itokayo Kilwa Masoko, hulakiwa na joto lisilompa mtu hamu ya kuvaa nguo ya mikono. Na ni katika joto hilo, barazani kwa shangazi yangu, nilipoona gauni lisilo mabega wala kamba likishonwa kwa kanga moja tu, mkasi usiguse kitambaa hata mara moja. Nimeitafakari kazi ile tangu siku hiyo, maana ndani yake mna hesabu safi kuliko katika magauni mengi ya vipande kumi.

Suala la gauni la namna hii ni moja: nguo isiyoning'inia begani huzuiliwa na nini isiporomoke? Aghalabu washonaji hujibu kwa lastiki moja nene iliyokazwa juu ya kifua, nayo humuumiza mvaaji, kisha huteremka vilevile, kwa kuwa uzito wote wa nguo umetwikwa mstari mmoja. Mabibi wa pwani hii walilifahamu jambo hili tangu enzi za merikani na kaniki, kwani nguo waliyojifunga chini ya kwapa haikushikwa na fundo peke yake, bali na upana mzima wa kitambaa kilichouzunguka mwili na kuukumbatia. Shangazi hakufanya ila kuuhamishia ujuzi ule kwenye cherehani.

Kanga yake ilikuwa na urefu wa sentimita 150 na kimo cha 110, na kifua cha binti aliyeshonewa kilikuwa 90. Maana yake kitambaa kilizidi kifua kwa thuluthi mbili, na hicho ndicho kiasi ambacho mpira huweza kukikusanya pasipo nguo kuwa nzito. Kadhalika kingo mbili ndefu za kanga hutoka kiwandani zikiwa zimefumwa zikafunga, hazichanuki, hivyo juu na chini hapakuhitajiwa upindo. Kingo fupi tu, ambako kanga hukatwa, ndizo zinazochanuka, nazo zingefichwa ndani ya mshono mmoja wa nyuma. Huniuma kila nionapo mshonaji akikata pindo la kanga na kulitupa, ilhali lile pindo ndilo mapambo ya gauni, na jina likiachwa mahali pake husomeka mbele, chini kidogo ya magoti. Kanga yenyewe ilikuwa imeloweshwa na kufuliwa mapema, itoe wanga wake na kunywea kabla ya sindano, si baada yake.

Siri kubwa imo katika bobini. Uzi wa kawaida hukaa juu, katika sindano, na uzi mwembamba wa mpira hukaa chini. Lakini huo wa mpira sharti uzungushwe kwa mkono. Mimi nilipowahi kujaribu kwangu niliuzungusha kwa gurudumu la cherehani, ukajaa huku umevutika, na mistari ikatoka haifanani, huu umekunja sana na ule haukukunja kabisa.

"Usiuvute, mwanangu," shangazi aliniambia, bobini ikizunguka taratibu baina ya vidole vyake. "Uache ulale wenyewe."

Nikakumbuka vile vigae vilivyotobolewa katikati, ambavyo mwanaakiolojia Neville Chittick na wenzake walivifukua Kilwa Kisiwani katika miaka ya 1960, vilivyotumiwa kusokotea nyuzi za pamba. Mkono uliovizungusha bila shaka ulikuwa na subira hiyohiyo.

Akaanza juu, kiasi cha wanda mmoja kutoka ukingoni, sindano ikipiga hatua ndefu kabisa, na kila mstari ukiufuata uliotangulia kwa umbali wa sentimita moja, mpaka ikatimia mistari 14, ambayo ilitoka kwapani ikafika chini ya matiti. Kuanzia mstari wa pili alikinyoosha kitambaa kwa mikono miwili hadi kikalala sawasawa mbele ya sindano, maana asipofanya hivyo marinda ya mstari wa kwanza hushonewa ndani ya wa pili, na nguo hupoteza uwezo wa kutanuka. Hakurudisha sindano nyuma popote. Aliacha ncha za mpira ndefu kama kidole, kisha akaufunga mshono wa nyuma na kuupitia mara mbili juu ya ncha zile, zikanaswa zote kwa pamoja.

Hadi hapo kifua cha gauni kilikuwa bado kipana, nami nikadhani hesabu imekosea. Shangazi akatandaza kitambaa kibichi juu ya marinda, akaisogeza pasi ya makaa bila ya kuikandamiza, kwa sababu moto wa moja kwa moja huua mpira. Mvuke ulipopenya, mistari ikajivuta mbele ya macho yetu hata kifua kikapungua kufikia sentimita 80 hivi. Binti alipolivaa, zile sentimita 10 zilizopungua ndizo zilizolishika gauni, kila mstari ukichukua sehemu yake ndogo ya mzigo.

Kanga hununuliwa kwa doti, na ya pili ilikuwa bado imekunjwa juu ya mkeka. Jioni, binti alipotumwa dukani njia panda, aliichukua akajitanda mabegani, jina lilelile likisomeka mgongoni na kwenye gauni, akatoka.