Mwenzi wa Kazi na Mwenzi wa Moyo: Manga ya FAKE Ikisomwa Mpakani Busia na Malaba

1. Utangulizi

Neno manga si geni katika Kiswahili. Manga ni Uarabuni, hasa pande za Omani. Huko ndiko walikotoka Wamanga wa masimulizi ya pwani, na ndilo neno lililotupa pilipili manga na njiwa manga. Manga inayozungumzwa hapa ni nyingine. Ni jina ambalo Wajapani huziita hadithi zao za picha, ambazo aghalabu hutolewa magazetini sehemu kwa sehemu, kisha zikakusanywa katika juzuu. Kurasa zake husomwa kutoka kulia kwenda kushoto, jambo lisiloweza kumtatiza mtu aliyezoea tenzi za kale zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu. Wala usomaji wa hadithi kwa picha si jambo jipya kwetu: wasomaji wa Taifa Leo walimfuata Juha Kalulu wa Edward Gitau kwa miaka mingi.

Makala haya yana madhumuni mawili. Kwanza, yanaihakiki manga iitwayo FAKE, kazi ya Sanami Matoh, kwa kuilinganisha na riwaya ya upelelezi ya Kiswahili. Pili, yanauliza ni Kiswahili gani kingeweza kuibeba hadithi hiyo kama ingetafsiriwa kwa ajili ya msomaji wa Busia na Malaba, upande wa Kenya. Tumeuchagua mpaka huo kwa sababu huko Kiswahili ni lugha ya barabara, ya soko na ya askari kabla ya kuwa lugha ya nyumbani, na hadithi yenyewe inawahusu askari wawili wanaopendana.

Hatukusudii kuitetea wala kuihukumu tabia ya mtu yeyote. Kazi ya mhakiki ni kuuliza msanii amesema nini, amesemaje, na amefaulu kwa kiasi gani.

2. Kisa na Asili Yake

FAKE ilitolewa Japani kati ya 1994 na 2000, ikakusanywa katika juzuu 7. Tunaisoma hapa kwa tafsiri ya Kiingereza iliyoanza kutolewa Marekani mwaka 2003. Mandhari yake ni jiji la New York. Randy Maclean, aitwaye Ryo, ambaye ana asili ya Kijapani, anahamia kituo cha polisi cha 27 na kupangwa kufanya kazi na Dee Laytner. Katika kesi yao ya kwanza wanakutana na Bikky, mtoto ambaye baba yake, mwuza dawa za kulevya, ameuawa. Ryo anamchukua mtoto huyo nyumbani kwake na kumlea. Dee, aliyeokotwa akiwa mchanga na kulelewa na mtawa katika makao ya yatima, anampenda Ryo mapema na hafichi jambo hilo. Ryo anachukua juzuu karibu zote 7 kuujua moyo wake mwenyewe.

Yafaa ikumbukwe kwamba aina hii ya hadithi ilianzishwa na wanawake. Moto Hagio na Keiko Takemiya walitunga hadithi za mapenzi baina ya wavulana katika miaka ya 1970, wakiwaandikia wasomaji wasichana. Matoh naye ni mwanamke. Mwanamke anapotunga mapenzi yasiyo na mwanamke ndani yake, yamkini anatafuta kitu ambacho hadithi ya kawaida ya mapenzi imemnyima. Tunaona kwamba kitu hicho ni usawa. Dee na Ryo wana cheo kimoja, bunduki sawa na hatari moja. Hakuna anayemlisha mwenziwe, na hakuna anayengoja nyumbani.

3. Mwenzi katika Riwaya ya Upelelezi ya Kiswahili

Riwaya yetu ya upelelezi ilianza na watu wawili. Muhammed Said Abdulla alitupa Bwana Msa na rafiki yake Najum katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960), na akaendelea nao hadi Kosa la Bwana Msa (1984). Bwana Msa anavuta kiko na kufikiri. Najum anashangaa na kuuliza kwa niaba yetu sisi wasomaji. Asili yao katika Holmes na Watson imetajwa na wahakiki wengi, na hatuna haja ya kuirudia. Linalotuhusu ni kwamba uaminifu mkubwa kuliko wote katika riwaya hizo umo baina ya wanaume hawa wawili. Mapenzi, wivu, ndoa na talaka ni mambo ya watu wanaochunguzwa. Mchunguzi na mwenziwe wanayatazama kutoka nje.

Waliofuata waliubadilisha mpango huo. Willy Gamba wa Elvis Musiba, tangu Kufa na Kupona (1974), ni jasusi anayetembea na mapenzi mkononi kama anavyotembea na bastola. Kwake mwanamke ni zawadi au ni mtego, na mara nyingine ni vyote viwili. Ben Mtobwa alisogea mbele zaidi alipompa Joram Kiango mwenzi aitwaye Nuru, ambaye ni mpenzi wake na pia ni mshiriki wake katika kazi. Hata hivyo Joram ndiye anayeongoza, na Nuru hufuata.

Kwa hiyo twaweza kusema kwamba riwaya yetu imezigawa amana mbili. Imani ya kazi imepewa rafiki wa kiume, na shauku imepewa mwanamke. Bwana Msa hamwogopi Najum, na Willy Gamba hawezi kumwamini kikamilifu mwanamke aliye kifuani pake. Mgawanyo huu umekuwa kanuni ya fani kiasi kwamba hatuuoni tena. FAKE inatufanya tuuone, kwa sababu inaziweka amana zote mbili mahali pamoja. Mtu anayemlinda Ryo risasi zinaporushwa ndiye huyo huyo anayemtia wasiwasi wa moyo. Mashaka ya hadithi yanahamia kutoka swali la nani ameua kwenda swali la nani anaweza kuaminiwa na mambo yote mawili, uhai na mapenzi.

Hapa Kiswahili kina utajiri ambao fani yetu haijautumia. Neno mwenzi halikuugawa uhusiano huo. Tunasema mwenzi wa kazi, mwenzi wa safari na mwenzi wa ndoa. Tena neno hili halipendi kukaa peke yake; katika mazungumzo huambatana na mwenyewe na kuwa mwenzangu, mwenzako, mwenzake. Mtu hawi mwenzi hivi hivi, huwa mwenzi wa fulani. Kijapani kina neno aibō, ambalo asili yake ni mtu anayeshika ncha ya pili ya mpiko, yaani mti wa kuchukulia mzigo mabegani. Picha hiyo ingeeleweka mara moja na mchukuzi yeyote wa Malaba. Mmoja akiuachia mpiko, mzigo huwaangukia wote wawili. Ndivyo isemavyo methali yetu pia: mwenzako akinyolewa, wewe tia maji.

4. Kiswahili cha Mpakani na Kazi ya Mtafsiri

Tuchukulie sasa kwamba mtafsiri amekaa Busia na kurasa za FAKE ziko mbele yake. Nchi anayoikalia ilikuwa sehemu ya Uganda hadi 1902, mkoa wa mashariki wa Uganda ulipohamishiwa kwenye himaya iliyokuja kuitwa Kenya. Wasamia na Wateso wako pande zote mbili. Jina Busia liko pande zote mbili, na Malaba vivyo hivyo. Hapa, inavyosimuliwa, ndipo waendesha baiskeli waliovusha watu kati ya vituo viwili vya mpaka walipolizaa neno bodaboda. Dereva wa lori kutoka Mombasa, mwuza mayai kutoka Uganda na karani wa forodha wanaelewana kwa Kiswahili. Tangu kituo cha pamoja cha Busia kilipozinduliwa rasmi mwaka 2018, maofisa wa nchi mbili hufanya kazi chini ya paa moja. Hao nao ni wenzi wa kazi, ingawa kila mmoja ana serikali yake.

Tatizo la kwanza la mtafsiri ni sauti ya askari. Nchini Uganda Kiswahili kilijulikana kwa muda mrefu kuwa lugha ya kambi za jeshi na polisi, na watu wengi walikichukia kwa sababu hiyo. Ni mwaka 2022 ambapo baraza la mawaziri liliidhinisha kifundishwe kwa lazima shuleni. Hata upande wa Kenya, Kiswahili ambacho mfanyabiashara wa njia za panya hukisikia kinywani mwa askari ni cha amri: simama, fungua buti, kitambulisho kiko wapi? Dee ni askari anayetania, anayebembeleza na anayelalamika. Mtafsiri akimpa maneno ya pwani kama laazizi na muhibu, msomaji wa Busia atasikia wimbo wa taarabu ukitoka kituo cha polisi, naye atacheka mahali pasipostahili kucheka. Akimpa lugha ya kambini, mapenzi yatakuwa amri. Njia iliyobaki ni ya maneno ya kawaida, na katika hayo mwenzangu ndilo lenye uzito wa kutosha. Dee angeweza kulitamka mbele ya mkuu wao wa kituo bila mtu kugeuka, kisha akalitamka usiku kwa maana nyingine, na msomaji akaisikia tofauti.

Tatizo la pili ni la sarufi. Kiambishi a- hakisemi kama mtu ni mwanamume au mwanamke, na neno mpenzi halisemi pia. Katika riwaya ya maneno matupu mtafsiri mwoga angeweza kuificha jinsia ya mmoja wao tangu mwanzo hadi mwisho. Katika manga hawezi. Lugha inaficha, lakini picha inaonyesha. Hilo ni jambo jema kwa fani, kwani linamlazimisha mtafsiri kutafsiri kisa kilichopo.

Tatizo la tatu ni majina ya watu wa namna hii. Kwa wanawake wa Mombasa na Unguja shoga ni rafiki wa ndani wa mwanamke mwenzake, na kwa maana hiyo ni neno la upendo. Bara, maana hiyo haikufika. Neno lilifika likiwa tusi kwa mwanamume. Mtafsiri atakayelitumia mpakani atakuwa amewahukumu Dee na Ryo kabla hawajatenda lolote. Wanuri Kahiu alipoiita Rafiki sinema yake ya mwaka 2018 juu ya wasichana wawili wa Nairobi wanaopendana, alichagua neno ambalo watu wa aina hiyo hulazimika kulitumia kwa kujistiri. Sinema hiyo ilipigwa marufuku nchini Kenya, ingawa mahakama iliruhusu ionyeshwe kwa siku 7 mwaka huo huo. Rafiki ni neno la kufunika. Mwenzi halifuniki na halitukani.

Hatuwezi kuyazungumza haya kama kwamba sheria haipo. Kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya, urithi wa ukoloni, kinaweka kifungo cha hadi miaka 14, na Mahakama Kuu ilikataa kukibatilisha tarehe 24 Mei 2019. Uganda ilitunga mwaka 2023 sheria yenye kifungo cha maisha na, kwa makosa fulani, kifo. Mahakama ya Kikatiba iliiacha sehemu kubwa ya sheria hiyo mwaka 2024. Dee na Ryo wa Busia wangekuwa askari waliotumwa kuilinda sheria inayowatafuta wao wenyewe. Katika New York ya Matoh hatari hiyo haipo kwa kiwango hicho, na kwa hiyo kikwazo cha Ryo ni moyo wake tu. Ikisomwa mpakani, kusita kwake kunapata maana nzito ambayo mtungaji hakuiweka.

Hata jina la kitabu linapata maana mpya. Kiswahili cha mitaani kimelikubali neno feki, na mpakani ni neno la riziki: noti feki, dawa feki, stakabadhi feki. Kachero wa Busia kazi yake ni kutenga feki na halisi. Tunalielewa jina la manga hii kuwa swali linaloelekezwa kwa Ryo: kati ya utulivu anaouonyesha na mapenzi anayoyakana, kipi ni feki?

5. Kasoro

Sifa hizi zisitufumbe macho. Kwanza, Dee humbusu Ryo mara kwa mara kabla Ryo hajaridhia, na mtungaji anayachora hayo kuwa mzaha. Hadithi iliyojengwa juu ya usawa inajibomoa yenyewe hapo. Tumewalaumu waandishi wetu kwa kumfanya mwanamke kitu cha kunyakuliwa. Hatuna haki ya kunyamaza anyakuliwaye akiwa mwanamume.

Pili, Bikky, mtoto mwenye ngozi nyeusi, analetwa kwetu kupitia dawa za kulevya na mauaji ya baba yake. Baadaye anapewa ucheshi na akili, lakini mlango alioingilia ni ule ule ambao watu weusi huingizwa katika sinema za Marekani. Tatu, upelelezi wenyewe ni hafifu. Kesi nyingi humalizwa kwa bahati au kwa risasi. Bwana Msa, akiwa ameketi na kiko chake, angeona haya kufunga kesi namna hiyo.

6. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba umuhimu wa FAKE kwa mhakiki wa Kiswahili haumo katika ugeni wa mapenzi yake. Umo katika kuunganisha imani na shauku, mambo ambayo riwaya yetu ya upelelezi imeyatenganisha tangu 1960. Mtunzi wetu anaweza kujifunza jambo hilo hata akiandika juu ya mume na mke walio makachero wa cheo kimoja, kazi ambayo bado tunaingoja.

Kwa watafsiri na watunga kamusi, tunapendekeza maneno shoga, mpenzi, rafiki na mwenzi yachunguzwe upya kwa kuzingatia mahali yanaposemwa, kwa sababu kamusi zetu zimeegemea pwani na mpaka wa magharibi haujasikilizwa vya kutosha. Mtu anayesoma Busia au Malaba ana haki ya kupewa hadithi yenyewe kwanza, kwa maneno yasiyomwamulia. Akishaisoma, hukumu ni yake.