Kikombe cha Maji Ndani ya Probox

Uliza kijana yeyote mwenye Subaru hapa Nairobi akusimulie Initial D. Atakuonyesha kwa mikono miwili jinsi Takumi anavyoshuka zile kona tano za Akina, tairi za ndani zikiwa zimeshika mtaro wa maji, na RX-7 ya mtoto wa tajiri ikibaki nyuma ikishangaa. Atakuigia hadi mlio wa injini. Sasa muulize: huyu kijana alikuwa akienda wapi kila alfajiri, miaka mitano mfululizo, kabla hajajua kuna mashindano? Wengi watakwama hapo.

Alikuwa akipeleka tofu.

Shuichi Shigeno alianza kuchora manga hii mwaka 1995 katika Young Magazine ya Japani, akaimaliza 2013, juzuu 48. Takumi Fujiwara ana miaka 18. Ni mwanafunzi, na jioni anauza petroli. Tangu akiwa na miaka 13, baba yake Bunta amekuwa akimtuma mlimani na Toyota Sprinter Trueno, AE86, kupeleka tofu kwenye hoteli za juu. Tofu ni kama jibini la soya, laini kuliko mala iliyoganda. Ikigongwagongwa njiani, hakuna wa kuinunua. Kwa hivyo Bunta anaweka kikombe cha maji karibu na usukani: maji yakimwagika, umeharibu mzigo. Takumi anajifunza kona kwa kuogopa kumwaga maji. Mwanzoni hata hajui gari la nyumbani kwao linaitwa 86. Kwake ni gari la kazi tu, na linamnyima usingizi.

Hapo ndipo ninaposimama na kitabu hiki. Ni hadithi ya kazi kwanza, mbio zinakuja baadaye. Inapokumbuka hivyo, ni kali sana. Inaposahau, inatudanganya, na ni uongo ambao vijana wa hapa wanaulipia kwa pesa halisi.

Chukua ile stika. Mlango wa gari la Takumi una maandishi ya Kijapani, na utayaona yamebandikwa kwenye magari ya hapa ambayo hayajawahi kubeba hata kreti ya soda. Yanasema: Duka la Tofu la Fujiwara, gari la matumizi binafsi. Ni jina la duka, kama vile mtu angeandika "Mama Njeri Butchery" ubavuni mwa pikapu. Shigeno alijua anachofanya. Aliwatia aibu wenye GT-R za turbo mbili kwa gari lenye tangazo la duka. Sisi tumelifanya tangazo kuwa pambo, duka tumelitupa.

Sura ninayoipenda zaidi haina mbio kubwa. Ni ya Itsuki, rafiki wa Takumi. Amejinyima na kudunduliza hadi akanunua Corolla Levin, akiamini amepata 86. Kumbe ni 85. Kwa nje ni pacha, lakini chini ya boneti kuna injini ya lita 1.5 ya kwenda sokoni, wakati 86 ina 4A-GE ya lita 1.6, vali 16. Vijana wa Silvia wanamcheka mbele za watu. Takumi anachukua usukani wa 85 hiyo hiyo na kuwapita. Shigeno hamdhihaki Itsuki hata kidogo. Anaonyesha kwamba kicheko kinatoka kwa wenye pesa, na kwamba gari dhaifu bado lina heshima likipata mikono.

Hapa kwetu 85 tunaijua vizuri. Colin McRae alishinda Safari Rally na Impreza mwaka 1997, Richard Burns naye 2000, na wazazi wetu walikuwa kando ya barabara wakila vumbi. Tulirithi jina la Subaru kama wengine wanavyorithi shamba. Kwa hivyo kijana ananunua Impreza ya lita 1.5 isiyo na turbo, anaitoboa boneti kuweka tundu la hewa ambalo halipelekei hewa popote, anabandika herufi za STI nyuma, anakata ekzosi. Gari linapiga kelele za lita 2 na kutembea kama lita 1.5. Ni rahisi kumcheka. Shigeno angemhurumia, na nadhani angekuwa sawa.

Kuna jambo moja ambalo manga haiwezi kumwambia, kwa sababu 86 ya Bunta inatunzwa na jicho moja linaloijua. Gari la hapa limepita mikononi mwa watu. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Maana yake Impreza WRX ya 2005 haitashuka tena meli Mombasa. Zilizopo ndizo hizo, zinazunguka kutoka kwa jamaa hadi jamaa, kila mmoja na fundi wake, kila fundi na waya aliounganisha kwa gundi ya karatasi. Gari jipya kutoka Japani angalau huja na karatasi ya mnada, na ukiona alama R ujue liligongwa likatengenezwa. Hili la mtaani linakuja na maneno: "Buda, hii iko fiti, ni betri tu." Usipouliza mshipi wa taimingi ulibadilishwa lini, EJ20 itakujibu yenyewe siku moja hapo Thika Road, na jibu litakuwa vali zilizopindwa na pistoni.

Injini ya Takumi nayo inakufa. Anapambana na Lancer Evo III kule Akagi, anaisukuma kupita uwezo wake, inapasuka. Kurasa hizo ni nzuri mno. Baada ya juzuu kadhaa za kona na sifa, gari linanyamaza, na kijana ambaye hakuwahi kusema analipenda anaumia kama aliyefiwa. Kisha Bunta analeta injini ya mashindano ya Group A, inayozunguka hadi mizunguko 11,000 kwa dakika. Takumi anaiendesha na kuona haina maajabu. Tatizo? Mita ya mizunguko bado ni ya zamani, haimwonyeshi injini inataka kufika wapi. Bunta ameiacha hivyo makusudi, kijana ajue mwenyewe kinachokosekana.

Somo hilo ni dhahabu. Huwezi kubadilisha kitu kimoja kwenye gari ukaacha vingine vikiwa vilevile. Ukiongeza presha ya turbo, injini inataka petroli zaidi, ubaridi zaidi, klachi ngumu, na breki za kukusimamisha. Anayelipia mlio wa ekzosi na kuacha breki za kiwandani amebadilisha injini bila kubadilisha mita.

Lakini hapo hapo ndipo Shigeno ananipoteza. Nani alilipa? Injini ya Group A si ya kuokota, na Bunta anauza tofu. Baadaye ana Impreza WRX STI yake pia, na duka ni lile lile, dogo, wateja wa kuhesabu. Tairi zinaliwa kila usiku. Petroli inachomwa kila usiku. Katika juzuu zote sikumbuki kurasa za risiti zenye uzito kama kurasa za kona. Hadithi iliyoanza na mtoto anayetumwa kazi inafika mahali ambapo pesa hazina mwanzo.

Na pesa zikipotea, fundi naye anapotea. Bunta hupaka grisi usiku, nje ya fremu. Asubuhi gari liko tayari. Nenda Kirinyaga Road, ile ambayo wazee bado wanaiita Grogan, uone hadithi iliyoachwa nje: mtu amelala mgongoni juu ya kadibodi, anasikiliza boksa ikigonga na kukuambia ni silinda gani kabla hajafungua chochote. Anakutuma spea, unaleta ya bei rahisi, anainua macho tu. Yeye ndiye Bunta wetu, na kwenye picha za wikendi hayumo.

Ukiniuliza AE86 ya Kenya ni gani, sitakuonyesha Subaru yoyote. Nitakuonyesha Probox. Fikiria ile inayotoka Maua na miraa. Gari la bei ya chini, lililoundwa kwa kazi za duka, springi za nyuma zimeongezwa nguvu, viti vimetolewa. Majani yamefungwa kwa migomba na saa inahesabu, maana miraa ikizidi siku mbili hivi thamani yake inanyauka. Dereva anazijua kona za Meru na Embu usiku kama Takumi anavyoijua Akina, na kwa sababu ile ile: ametumwa, na mzigo hausubiri.

Tofauti moja inavunja mlinganisho wote. Kikombe cha Takumi kilimfundisha ulaini, kwa sababu tofu inaadhibu mtikisiko. Miraa haijali kutikiswa. Inaadhibu kuchelewa peke yake. Dereva wa Maua hana kikombe cha kumwambia punguza. Ana simu ya mwenye mzigo inayomwambia ongeza. Na barabara yake haifungwi na vijana wenye redio wakitazama kama kuna gari linapanda. Kuna lori lisilo na taa, kuna mama anayevuka kwenda kuuza viazi. Katika Initial D gari likigonga ukingo, mara nyingi dereva anashuka, anatazama bodi, anakuna kichwa. Huku kwetu, magari ya miraa tunayajua kwa vifo.

Je, usome? Soma, tena uanze juzuu ya kwanza, usianze na vipande vya mbio kwenye simu. Soma mikono ya Bunta kila inapoonekana. Usiruke sura ya Itsuki. Na ukimaliza, ujue kuna hadithi bado haijachorwa: ya kijana wa Maua, gari la mkopo, fundi wa Grogan anayedai elfu tatu zake, na mama aliyeketi macho hadi asikie Probox ikizimwa nje ya lango. Mwenye kalamu aichore, na tafadhali asisahau kuweka risiti.