Kamina Kabla ya Jumapili

Wapenda muziki wengi huisubiri siku yenyewe: Pasaka, harusi, tamasha la kanivali. Mimi ni mtu wa mazoezi. Siku yenyewe kila mmoja amevaa, makosa yamefunikwa, na kiongozi wa korali anatabasamu hata kama ndani anachemka. Kwenye mazoezi ufundi uko uchi. Na kama kuna mji unaostahili kusifiwa kwa mazoezi yake, basi ni Kamina, makao makuu ya jimbo la Haut-Lomami huko Kongo.

Mpiga ngoma huwatangulia wenzake. Huwasha nyasi kavu, akaigeuzageuza ngoma juu ya ndimi za moto mpaka ngozi ikaze, akaigonga kwa kidole, akasikiliza, akairudisha motoni. Ikilia juu kupita kiasi, hubandika donge la utomvu mweusi katikati ya ngozi na kuliminya kwa dole gumba, kidogo kidogo, hadi sauti ishuke anapopataka. Hana chombo cha kupimia, isipokuwa sikio lake. Waimbaji wanapofika, wengine na watoto mgongoni, yeye amekwisha kumaliza nusu ya kazi. Kiongozi naye huwapa sauti kwa mdomo: soprano kwanza, kisha alto, tenori, besi mwisho. Besi wakipotea, wenzao huwacheka waziwazi, halafu wimbo unaanza upya. Hakuna anayenuna. Kuchekwa ni sehemu ya somo.

Kutokana na mazoezi ya namna hii ilizaliwa misa iitwayo Missa Luba. Katika miaka ya 1950 padri Mbelgiji wa shirika la Wafransisko, Guido Haazen, aliongoza shule hapa Kamina, akaunda korali ya wavulana wapatao 45 na walimu 15. Waliitwa Les Troubadours du Roi Baudouin, kwa heshima ya mfalme wa Ubelgiji. Jina hilo ni la kikoloni kabisa. Kazi ilikuwa ya Wakamina. Misa iliimbwa kwa mara ya kwanza katika misheni ya Mtakatifu Bavo tarehe 23 Machi 1958. Mwaka huohuo korali ikasafiri Ulaya, ikaimba kwenye maonyesho ya dunia ya Brussels, na sauti zao zikanaswa kwenye sahani ya santuri.

Kinachonivutia ni kwamba misa hiyo haikutungwa mezani. Waliafikiana juu ya njia tu: hapa mwimbaji mkuu ataita, hapa wote wataitikia, hapa ngoma itaingia. Yaliyobaki yalibuniwa papo hapo. Mwimbaji mkuu, mwalimu Joachim Ngoi, alipaswa kujua aendako bila kujua atapitia wapi, na wavulana nyuma yake walipaswa kumsoma kabla hajamaliza pumzi. Uwezo huo hauji kwa bahati. Huja kwa kurudia jioni baada ya jioni, mpaka watu sitini wakubaliane bila kuzungumza.

Sheria za Kanisa wakati ule zilitaka Kilatini, kwani Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulikuwa bado haujafunguliwa. Kwa wengine hicho kingekuwa kikwazo. Kiluba ni lugha ya toni: wimbo ukipanda mahali ambapo neno linashuka, maana inaharibika. Kilatini hakikuwabana hivyo. Walichukua maneno ya Roma wakayavisha nyimbo za nyumbani: wimbo wa kuagana ukawa Sanctus, kilio cha msiba kikaingia pale Credo inapotaja kusulubiwa, na Agnus Dei ikajengwa juu ya wimbo wa Bena Lulua wa Kasai. Mtu atauliza Kasai imefikaje Kamina. Aitazame stesheni. Reli ya kutoka Lubumbashi hugawanyika hapahapa, tawi moja likielekea Kananga na Ilebo, jingine Kabalo na Kalemie. Mji wa njia panda husikia nyimbo za kila upande.

Wabrazili wataelewa ninachosema juu ya mazoezi. Shule ya samba ya kwanza kujiita hivyo, Deixa Falar, ilianzishwa mwaka 1928 katika mtaa wa Estácio, Rio de Janeiro, na hadi leo shule hizo hufungulia wageni uwanja wa mazoezi miezi kadhaa kabla ya kanivali. Ukienda na rafiki mwenyeji, hatakuhimiza uangalie wachezaji. Atakwambia usikilize ngoma kubwa: mbili zinaitana na kuitikiana, ya tatu inakata katikati kadiri mpigaji wake anavyojisikia. Na ile ngoma iitwayo cuíca, inayolia kwa kusugua kijiti kilichofungwa ndani ya ngozi ina ndugu zake Angola na Kongo, walikotolewa kwa nguvu mababu wa wengi wanaoipiga. Mtu wa Kamina akisimama pale hatahitaji mkalimani.

Sahani ya Missa Luba ilifika mbali. Lindsay Anderson aliitumia Sanctus katika filamu yake *if....* ya mwaka 1968, na mwaka 1990 Boniface Mganga na Muungano National Choir ya Kenya wakatoa toleo lao, ambalo mimi nalipenda kwa wepesi wake. Lakini nota nazo zilichapishwa kwa kunakili kilichosikika kwenye santuri, na tangu hapo korali nyingi za Ulaya na Marekani huimba kwa uaminifu mkubwa, nukta kwa nukta, kile ambacho mwimbaji wa Kamina alikibuni siku moja na ambacho siku iliyofuata angekibadilisha. Hapo, kwa maoni yangu, wamechukua wimbo wakaacha ufundi. Kiongozi yeyote anayetaka kuiimba Missa Luba ampe mwimbaji mkuu ruhusa ya kutoka nje ya nota, na ampe mpiga ngoma ruhusa ya kumfuata.

Nawe ukipita Kamina, hata kama umekwama siku mbili tatu ukingoja treni, usiulize misa ni saa ngapi. Uliza korali inafanya mazoezi siku gani, ufike mapema, moto ukiwa bado unawaka.