Kosa la Kibuyu

Godfrey Wilson na mkewe Monica waliishi miongoni mwa Wanyakyusa kati ya miaka ya 1934 na 1938, wakitafiti maisha ya watu wa vilima vya Rungwe na wa tambarare ya Kyela inayoshuka hadi ufuoni mwa Ziwa Nyasa. Mwaka 1939 Wilson alichapisha makala juu ya desturi zao za maziko, na humo mna picha ambayo kila mpenzi wa muziki ingempasa aisome mara mbili. Wanawake wanamlilia maiti kwa sauti kuu. Hatua chache kutoka hapo ngoma zinapigwa, na vijana wa kiume, mikuki mikononi, wanacheza mchezo wa kivita. Kilio kina mwendo wake na ngoma ina mwendo wake, na hapana mtu anayejishughulisha kuvipatanisha. Wilson alielezwa na wenyeji kuwa msiba huamsha hofu na ghadhabu moyoni, na kwamba uchezaji huo ndio njia ya kuzitoa.

Mgeni wa pwani, aliyelelewa kwa udi, fidla na ganuni, angeweza kuuita mkusanyiko huo zogo. Wamoravia na Walutheri wa Berlin, waliofika nchi hiyo mwaka 1891, waliweka maziko ya namna nyingine: waongofu wao walizikana kwa nyimbo za kitabu, bila ngoma na bila mikuki. Tangu hapo, katika kijiji kimoja na juu ya udongo uleule, kukawa na fasili mbili za sauti inayomstahiki maiti. Kwa fasili ya kwanza, wimbo wa kitabu peke yake ni upole usiofikia kina cha msiba. Kwa fasili ya pili, ngoma ni kelele.

Neno hilo, kelele, ndilo lenye kuhitaji kupimwa, kwa kuwa limekwisha kupewa hadhi ya jina la muziki. Huko Marekani kuna tawi la roki liitwalo roki ya kelele, lililopata umbo lake katika miaka ya 1980 kwa makundi kama Sonic Youth la New York, ingawa mizizi yake ni ya zamani zaidi: wimbo wa mwisho katika santuri ya pili ya kundi la Velvet Underground, iliyotoka mwaka 1968, unadumu kwa dakika zipatazo 17 za magitaa na kinanda vikipigana. Wapenzi wa muziki huo hawajaacha kubishana ni nani aingizwe humo na nani atolewe. Huyu atasema ni ukubwa wa sauti; yule atasema ni kupotoka kwa sauti; mwingine atasema ni ghadhabu. Majibu yote matatu ni dhaifu. Kama ni ukubwa wa sauti, basi tarabu ya rusha roho iliyofunguliwa spika zote harusini imo. Kama ni ghadhabu, basi maziko ya Wanyakyusa yanaizidi roki yote.

Serikali nayo ina fasili yake. Kanuni za Tanzania za mwaka 2015 za kudhibiti uchafuzi wa kelele na mitetemo hupima kwa desibeli, na kipimo hicho ni cha haki kwa jirani anayetaka kulala. Lakini desibeli haijui kama kilichoipandisha ni baa, mashine ya kusaga au msiba. Ni kipimo cha sikio lisilo na mwenyewe.

Msaada unapatikana ziwani hapohapo, kwa wale wapenda malipenga. Msomaji wa visiwani anaijua asili yake kuliko anavyodhani, kwa sababu mchezo huo ni mjukuu wa beni. Beni ilizaliwa miji ya pwani, Lamu na Mombasa miongoni mwake, kwa kuiga bendi za kijeshi za Wazungu, kisha ikafuata njia za askari na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza hadi bara. Terence Ranger aliieleza safari hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1975. Ilipofika kandokando ya Ziwa Nyasa, ikaendelea kwa majina ya malipenga na mganda, ikishika upande wa Nkhata Bay na Likoma na ule wa Mbamba Bay. Tarumbeta za shaba hazikuwapo, au hazikununulika, na mahali pake pakashikwa na vibuyu.

Kibuyu hicho hakipulizwi kama zumari. Mchezaji huimba ndani yake, na ubavuni pana tundu lililozibwa kwa utando wa buibui. Utando ukitikiswa na sauti ya mwimbaji hutoa mvumo wa kukwaruza, kama nyuki aliyefungiwa kopo. Mtu asiyejua angedhani chombo kimepasuka, naye fundi ameuchagua utando huo na kuubandika kwa uangalifu ili mkwaruzo huo upatikane. Kibuyu kinachotoa sauti safi ya mwimbaji, bila mvumo, ndicho kibovu. Hurudishwa kwa fundi.

Hapo ndipo fasili inapoanza kushika. Aina ya muziki haitambulikani kwa sauti iliyomo, kwa kuwa mkwaruzo uleule ni pambo katika kibuyu na ni aibu katika koo la mwimbaji wa kwaya. Hutambulikana kwa kosa lake: kwa jambo ambalo wenyewe wakilisikia hukunja uso.

Wapenzi wa ushairi hawahitaji kushawishiwa sana juu ya hilo. Shairi lililovunja vina au mizani lina jina lake, guni, na jina hilo lina maana kwa sababu tu kuna sheria iliyovunjwa. Kaluta Amri Abedi aliziandika sheria hizo mwaka 1954, na kwa kufanya hivyo alimpa kila msomaji uwezo wa kumkosoa hata yeye mwenyewe. Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, waliomshambulia walilitumia neno guni au maana yake, na hapo walikosea, kwa maana huwezi kumshitaki mtu kwa sheria ya nyumba asiyoingia. Lakini watetezi wengi wa ushairi huru nao walikuwa na upungufu wao. Walitangaza uhuru kwa bidii, wakasahau kusema ni lini shairi huru linakuwa baya. Mabishano yakadumu miaka mingi kwa sababu upande mmoja ulikuwa na kosa lisilowahusu wengine, na upande wa pili haukuwa na kosa lolote la kutaja.

Roki ya kelele ikipimwa kwa kigezo hicho, ukungu hupungua. Wapiga magitaa wa Sonic Youth walizikaza nyuzi kwa namna zao wenyewe, wakachomeka bisibisi chini ya nyuzi, wakalisogeza gitaa mbele ya spika yake mpaka likapiga yowe. Hayo yalizoezwa kama fundi wa malipenga anavyozoea utando wake. Kosa katika muziki huo ni kelele inayoweza kuondolewa wimbo ukabaki vilevile; hiyo ni roki ya kawaida iliyomwagiwa vumbi. Kosa la pili ni kinyume chake, yaani kelele isiyo na wimbo wa kuujeruhi. Ndiyo maana santuri ya Lou Reed ya mwaka 1975, Metal Machine Music, yenye zaidi ya saa nzima ya magitaa yanayojililia yenyewe bila ngoma wala maneno, ni kazi ya kelele lakini si roki ya kelele, japo Reed ndiye aliyeimba katika zile dakika 17 za mwaka 1968.

Kwa watu wa Kyela suala hili si la santuri. Katika miaka ya 2010 Tukuyu ilianza kuwa na tamasha la ngoma za jadi lenye ushindani, na ing'oma ya Wanyakyusa, ngoma ya Kyela na Rungwe, imepanda jukwaani. Tuzo za muziki za Kilimanjaro, katika miaka yake ya mwisho kabla ya kusimama mwaka 2015, zilikuwa na kundi la nyimbo zenye “vionjo vya asili ya Kitanzania”. Jina hilo ni la mpishi aliyeonja chumvi. Chini yake zeze la Mgogo, ngoma ya Mnyakyusa na marimba ya Mzaramo huwa kitu kimoja, na swali la kosa haliulizwi, kwa sababu kionjo hakina kosa. Huwa kipo au hakipo. Jukwaani nako, hakimu asiyejua kosa la ing'oma hulazimika kuhukumu asichokosa kukiona: sare za wachezaji, safu iliyonyooka, tabasamu, kumaliza kwa wakati. Kundi litakalojifunza kushinda kwa vigezo hivyo litanyoosha safu na kuzipoza ngoma. Hakuna atakayelikataza kupiga kama zamani. Litaacha lenyewe, kwa tuzo.

Si kwamba desturi ya maziko ya 1939 iwekwe kwenye kabati la kioo. Leo kwaya hufika msibani na kinanda cha umeme na spika mbili, na sauti yake yaweza kuipita ngoma yoyote aliyoisikia Wilson. Wajukuu wa waongofu wamekuwa na kelele kuliko babu zao waliokataa kelele. Wapo wazee wa Kyela wanaoweza kusimama kando ya ngoma zinazopigwa na kusema, bila kutafuta maneno, ni ya ngapi inayopwaya na ni kijana yupi anayeruka tu bila kucheza. Orodha ya makosa wanayoyajua haijaandikwa na kamati yoyote ya tamasha. Ingeandikwa kwa Kinyakyusa kwanza, halafu kwa Kiswahili, na ikakabidhiwa hakimu pamoja na kalamu yake asubuhi ya mashindano, kabla ngoma hazijawambwa motoni.