Tabla Kwenye Karatasi

Wapo wanaoshikilia kwamba muziki wa jadi wa Kihindi hauandikiki. Mwanafunzi hukaa chini mbele ya mwalimu wake, wenyewe humwita guru au ustad, miaka nenda miaka rudi, akitamka mapigo kwa mdomo na kuyapiga. Tabla, zile ngoma mbili za mkono, zina lugha yake: dha, dhin, tin, ta. Mzunguko uitwao tintal una mapigo 16, yaani manne mara nne, na mtoto huuimba: dha dhin dhin dha, dha dhin dhin dha, dha tin tin ta, ta dhin dhin dha, mpaka umwingie damuni. Akikosea, mwalimu hamwelekezi ukurasa. Anapiga yeye, mtoto anasikiliza, anarudia. Zakir Hussain, aliyefariki San Francisco mwaka 2024, alipikwa hivyo na baba yake mzazi, Alla Rakha. Kwa matunda yale, nani atabisha?

Sasa mtazame Kuljit Bhamra, mzaliwa wa Nairobi, 1959. Familia ilihamia Uingereza angali mdogo, wakaishi Southall, magharibi mwa London. Mama yake, Mohinder Kaur Bhamra, alikuwa mwimbaji, na mtoto alianza kumpigia tabla akiwa na miaka sita hivi, kwenye mahekalu ya Masingasinga na harusini. Hakukabidhiwa kwa guru wa ukoo wowote maarufu. Shule yake ilikuwa sikio lake, na mama anayeimba mbele ya umati huku mtoto akitakiwa asipotee. Jaribu kupotea pale, bwana, uone! Mwaka 1982 mama na mwana wakatoa Punjabi Disco, sauti ya Kipunjabi juu ya ala za umeme. Najua wapo watakaokunja pua kwa jina tu.

Lakini linalonigusa zaidi ni alichofanya alipogeuka mwalimu. Bhamra ameunda namna ya kuandika mapigo ya tabla kwa nota, ili hata mpiga ngoma wa okestra, aliyezoea kusoma karatasi, aweze kuyapiga. Mtu wa ukoo wa kale atauliza: karatasi inasikia? Itakwambia kidole kimelegea? Haki yake kuuliza. Tunalijua swali hilo hata huku kwetu. Nenda Bujora, Kisesa, uwatazame Bagika na Bagalu wakishindana: hakuna kijana aliyejifunza ngoma ile kwa kusoma. Alisimama nyuma ya wakubwa, akafukuzwa, akarudi.

Hata hivyo mimi nipo upande wa Bhamra, na sababu yangu si ya kimuziki. Ughaibuni mwanafunzi hana miaka 10 ya kukaa miguuni pa mtu; ana zamu ya kazi, ana kodi ya nyumba. Ukimwambia "njia ni moja tu", umemfungia mlango, halafu unalalamika kwamba vijana wameacha jadi. Karatasi haimalizi kazi ya mwalimu, lakini humfikisha mtu kizingitini. Kasoro ninayoiona ni nyingine kabisa: nota huonyesha pigo lilipo, haionyeshi kwa nini mama alichelewesha neno lile, na mtoto akamsubiri. Hilo Bhamra alilipata bure, kwa kuzaliwa. Wanafunzi wake wa karatasi watalipata wapi?

Ndugu mwandishi chipukizi, swali hilo ni letu pia. Sisi tuliomaliza kidato cha nne huku Usagara tumebaki na daftari la "fani na maudhui" mkononi. Daftari lile ni nota zetu. Limetuonyesha mahali pa taharuki na mahali pa kilele, lakini hatujawahi kukaa karibu na mtu anayeandika riwaya tukamwona akifuta ukurasa mzima. Kezilahabi alizaliwa Ukerewe, hapo tu ng'ambo ya maji, na alifariki mwaka 2020. Waliosoma naye wapo, waliofundishwa naye wapo. Nani kati yao amewahi kuandika jinsi alivyokuwa akisahihisha?