Mkopo, Kadi na Muamana: Uhakiki wa Istilahi za Kukopeshana

Ziko fani ambazo istilahi zake huwafikia wananchi kabla hazijafika mezani kwa wataalamu wa lugha, na fani ya benki ni mojawapo. Fomu huchapishwa, ujumbe hutumwa katika simu, mwananchi hutia sahihi. Nasi bado tunajadili neno. Makala haya yana nia ya kuhakiki istilahi chache zinazomkabili mtu atakaye kuaminiwa na benki, na hasa yule anayepaswa kuchagua baina ya kadi na mkopo. Hoja yetu ni moja: neno mkopo limebebeshwa dhana tatu, na anayelipa gharama ya mzigo huo ni mkopaji.

Kiswahili hakikuwa maskini katika uwanja huu. Aazimaye jembe hurudisha jembe lile lile. Akopaye kibaba cha unga hurudisha kibaba kingine. Karadha, neno lenye asili ya Kiarabu, kwa Waislamu wengi hukumbusha kukopeshana pasipo riba. Rehani ni kitu akabidhicho mwenye deni mpaka atakapolipa. Nao wafanyabiashara wana mali kauli, yaani bidhaa ichukuliwayo leo na kulipiwa baada ya kuuzwa, kwa kutegemea neno la mchukuaji. Kila neno katika haya lina mpaka wake. Mipaka hiyo ndiyo iliyofifia katika maandishi ya benki.

Neno la Kiingereza credit, ambalo asili yake ni Kilatini chenye maana ya kuamini, hutumika kwa mambo matatu: fedha anayopewa mtu, ruhusa ya kukopa mpaka kikomo fulani, na sifa ya mtu ya kuaminiwa. Mfasiri akiandika mkopo kwa yote matatu, msomaji hupata sentensi sahihi kisarufi lakini potofu kimaana. Mfano ulio dhahiri ni kujenga mkopo. Kwa Mswahili, ajengaye mkopo anarundika deni. Kumbe linalokusudiwa karibu ni kinyume chake: kujipatia sifa ya mlipaji mwema.

Upotofu huu si wa maneno matupu. Huko Marekani, ambako wamo wahamiaji wasemao Kiswahili kutoka Kongo na Burundi, mtu hupimwa kwa alama. Katika kipimo cha FICO, kilichoanza mwaka 1989, alama hizo hutoka 300 hadi 850. Historia ya ulipaji huchangia asilimia 35, na kiasi cha deni alilo nalo mtu asilimia 30. Aliyeelezwa kwamba ajenge mkopo, naye akaijaza kadi yake mpaka ukingoni, ataishusha alama ile ile aliyotaka kuipandisha. Kwetu pia jambo hili halipo mbali. Benki Kuu ya Kenya ilikuwa na kanuni za taasisi za taarifa za wakopaji tangu mwaka 2008, na Benki Kuu ya Tanzania ikatoa za kwake mwaka 2012. Mwananchi aliyechelewesha marejesho aweza kunyimwa mkopo mahali pengine, ingawa hajui kwamba jina lake limeandikwa.

Tuitazame sasa kadi ya mkopo. Istilahi hii imekwisha kuenea, wala hatuoni faida ya kuing'oa. Kasoro yake ni kwamba baadhi ya watu huitumia hata kwa kadi inayotoa fedha za mwenyewe zilizomo katika akaunti, na hapo mambo mawili yanayopingana hupewa jina moja. Aidha, kadi ya mkopo hutofautiana na mkopo wa kawaida. Mkopo huwa na kiasi maalumu, muda maalumu na marejesho yanayojulikana. Unafaa kwa jambo kubwa kama kuezeka nyumba. Kadi hutoa ruhusa inayojirudia. Aghalabu anayelipa deni lote la manunuzi kabla ya tarehe ya mwisho hatozwi riba, na hapo kadi hukaribia mali kauli. Lakini anayelipa kile kiwango cha chini tu huendelea kutozwa riba juu ya baki, na achotaye fedha taslimu kwa kadi kwa kawaida huanza kutozwa siku ile ile. Kwa hiyo kuandika "malipo yanayotakiwa" mahali pa "kiwango cha chini cha malipo" ni kumfanya mteja adhani amemaliza wajibu wake.

Penye uzito zaidi ni riba. Tuchukue mkopo wa shilingi 1,200,000 kwa miezi 12, kwa riba ya asilimia 20 kwa mwaka. Riba ikihesabiwa juu ya kiasi cha awali mpaka mwisho, mkopaji atalipa riba ya shilingi 240,000. Ikihesabiwa juu ya deni lililobaki, kwa marejesho sawa ya kila mwezi, atalipa takriban shilingi 134,000. Tofauti inazidi laki moja, na fomu zote mbili zaweza kuandika "riba ya asilimia 20" bila kusema uongo. Vilevile neno ada limekuja kukaa mahali pa riba. M-Shwari, iliyoanzishwa Kenya mwaka 2012, ilitoza ada ya asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Anayekopa na kulipa hivyo kila mwezi hutoa kwa mwaka asilimia 90 ya fedha anayoizungusha. Neno ada humkumbusha mtu karo ya shule, si gharama inayokua kadiri anavyokopa tena.

Kwa hiyo tunapendekeza yafuatayo:

(a) Mkopo libaki kwa fedha inayotolewa na kurejeshwa.

(b) Ruhusa ya kukopa iitwe kikomo cha kukopa.

(c) Sifa ya kuaminiwa iitwe muamana, neno lililomo tayari katika lugha kwa maana ya uaminifu. Tutapata kujenga muamana, alama ya muamana na kupoteza muamana.

(d) Kadi itoayo fedha za mwenyewe iitwe kadi ya akaunti.

(e) Tuseme riba ya kiasi cha awali na riba ya deni lililobaki, na ada inayotozwa kwa kukopa ielezwe pia kwa kiwango cha mwaka.

Yawezekana baadhi ya wasomaji wataona muamana ni neno zito. Hata hivyo, mkulima aliyepata kuchukua mbolea kwa neno lake tu anaijua dhana hiyo vizuri. Lililobaki ni kumpa jina lisilofanana na deni. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Mwenye kuandika fomu hana uwezo wa kuyazuia matanga hayo, lakini ana wajibu wa kuyataja kabla sahihi haijatiwa. Maoni ya wafasiri, walimu na watumishi wa serikali juu ya mapendekezo haya yatapokelewa kwa shukrani.